Shajara ya mradi: Diski inayokohoa

Jumatano, 9 Julai 2025

Dada amepiga simu saa moja na nusu asubuhi, chai yangu hata haijapoa. Salamu hakuna. "Njoo uione mashine yako inavyoniaibisha mbele ya wateja." Kompyuta ya dukani ikiharibika ni yangu, ikifanya kazi ni yake. Ndivyo tulivyogawana tangu nilipomshauri ainunue mwaka juzi.

Duka lake ni stesheneri ya mlango mmoja, Kikuyu, hapa Dodoma. Wanafunzi wanaleta ripoti za kuprinti na kubaindi, waombaji wa kazi wanaskani vyeti, na mwezi huu wameongezeka watu wa Nanenane, maonyesho ya wakulima. Mzee mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo anataka lebo za chupa za mvinyo atakazopeleka viwanja vya Nzuguni, na ameshakuja mara mbili akaambiwa asubiri, mashine inajikagua.

Hali niliyoikuta ni hii. Sipiyu (najua sipiyu ni kile kijipande cha ndani, lakini duka zima linaliita lile kasha sipiyu na mimi nimechoka kubishana) ina diski mbili. C ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ndiyo yenye Windows 10. D ni diski ya kuzunguka ya GB 500, imetoka kwenye kompyuta yake ya zamani iliyokuwa na Windows 7. Fundi aliyeihamisha aliichomeka vilevile ilivyo, hakuifomati, kwa hiyo D bado imebeba maiti ya Windows ya zamani: folda ya Windows, Program Files, Users na jamaa zao. Kazi za wateja ziko humo humo, kwenye folda inayoitwa KAZI.

Malalamiko ni mawili. La kwanza, kila asubuhi kabla mashine haijafika popote kinatokea kioo cheusi kinachosema D inakaguliwa na kutengenezwa. Asilimia 4. Asilimia 11. Asilimia 11. Asilimia 11. Wateja wanahesabu pamoja nayo. La pili, D imejaa, zimebaki GB 19, na vinavyoijaza havifutiki. Kuna folda saba zenye rangi iliyofifia, kuanzia found.000 hadi found.006. Kuna Windows ya zamani, ambayo binti anayemsaidia dada alijaribu kuifuta akaambiwa aombe ruhusa kwa TrustedInstaller. Dada aliliuliza hilo kwa uchungu wa kweli: "Huyo TrustedInstaller ni nani, na kwa nini ana ruhusa kwenye mashine yangu kuliko mimi?"

Akaongeza na neno la tatu, ambalo nimeliandika kwa heshima tu: "Halafu inakohoa. Nikitoa kopi nyingi, inakohoa." Nimemwambia ni feni. Julai hii upepo wa Dodoma unaingiza vumbi mpaka kwenye friji.

Nilikuwa na haraka ya kuwahi kazini. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika:

`chkntfs /x D:`

Amri hii haitengenezi kitu chochote. Inaiambia Windows isiikague D inapowaka, basi. Dada kafurahi, kanipa soda.

Ijumaa, 11 Julai

Ile soda imenitokea puani.

Jana mashine iliwaka kwa dakika moja, leo pia. Saa nne hivi akaja mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuchukua ripoti yake aliyoiacha ichapwe upya. Faili linaonekana, jina lake lipo, ukilifungua unaambiwa limeharibika na halisomeki. Nakala pekee. Dada anasema binti wa watu alikaa kwenye benchi akalia kimyakimya, na hilo lilimuuma kuliko kama angempigia kelele.

Nimekaa na kujilaumu, sasa naandika nilichopaswa kukifikiria Jumatano. Windows huwa haikagui diski asubuhi kwa kupenda. Kwenye volumu ya NTFS (ndiyo namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski) kuna alama moja ndogo, ama ni safi ama ni chafu. Ikiwa chafu, mashine inapowaka programu ya autochk inaingia kabla ya kila kitu kingine na kuanza ukaguzi. Unaweza kuiuliza alama hiyo mwenyewe:

`fsutil dirty query D:`

Jibu lilikuwa: chafu.

Watu wengi, na mimi nikiwemo hadi wiki hii, tunasema ni umeme. Umeme ukikatika ghafla, asubuhi ukaguzi. Lakini NTFS ina daftari lake, faili lililofichwa linaloitwa $LogFile, na kabla haijagusa mpangilio wa folda na mafaili huandika kwanza humo inachotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma daftari na kumaliza au kufuta ile kazi iliyokatizwa. Kwa kawaida hapo mambo yameisha, alama haiguswi. Alama ya uchafu inawekwa pale mfumo wenyewe unapokuta mpangilio umekorogeka. Kwa hiyo diski inayokaguliwa kila siku ni diski inayokorogwa kila siku. Jumatano nilimfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka usiku.

Nimerudisha ilivyokuwa kwa `chkntfs /d`, na sijaiwasha tena upya. Kabla ya ukaguzi wowote, nakala kwanza. Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kazi yake ni kuunyoosha mpangilio wake; kama kunyoosha huko kunahitaji kulikata faili lako, italikata.

Nimeazima diski ya nje kwa mwenzangu wa kazini, na jioni baada ya kufunga nikaendesha robocopy, amri ya Windows ya kunakili:

`robocopy D:\KAZI E:\KAZI /E /XJ /R:1 /W:1`

Zile mbili za mwisho usizisahau. Robocopy ikiachwa na desturi yake, faili lisilosomeka inalirudia mara 1,000,000, na kati ya jaribio na jaribio inasubiri sekunde 30. Nimepiga hesabu nikisubiri: ni karibu siku 347 kwa faili moja. Yakiwa mawili tu, Nanenane ya mwakani ingetukuta pale.

GB 318 zimechukua saa tatu na dakika ishirini. Mafaili mawili yamekataa kabisa. La mwanafunzi ni mojawapo.

Jumamosi, 12 Julai

Leo sina kazi ya ofisini, nimekaa dukani tangu kufunguliwa. Dada anauza, mimi nimejibanza pembeni na kibodi magotini.

Kwanza nimeondoa uwezekano mdogo. Mara nyingine ukaguzi unajirudia kwa sababu tu agizo la zamani limebaki kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, chini ya Session Manager, mahali panapoitwa BootExecute. Pakiwa pazima panasomeka `autocheck autochk *` na si zaidi. Hapa pako hivyo. Basi.

Kisha `chkdsk D: /f`. Dakika sita. Alama ikawa safi. Sikutumia /r, ambayo inasoma kila sehemu ya diski na ingekula siku nzima, kwenye diski ambayo bado sijui kama ni mgonjwa au amepigwa.

Halafu nikafungua kitabu cha matukio cha Windows. Hapa ndipo nilipoanza kukaa vizuri kwenye kiti. Tukio namba 55 la Ntfs, kwamba mpangilio wa D umeharibika, lipo karibu kila siku. Hilo nililitegemea. Lakini dakika chache kabla ya kila 55 kuna 129, kwamba kifaa kimelazimishwa kuanza upya, na mara kadhaa 157. Namba 157 inasema diski imeondolewa ghafla. Imeondolewa! Diski iliyofungwa kwa skrubu nne ndani ya kasha la bati.

Nikashusha CrystalDiskInfo kusoma afya ya diski yenyewe. Sehemu zilizohamishwa, namba 05: sifuri. Zinazosubiri kuamuliwa, C5: nikasoma 10. Baadaye nikakumbuka programu ile kwa desturi inaandika thamani ghafi kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo 10 ile ni 16. Si nzuri, lakini si diski inayokufa. Makosa ya kebo ya data, C7: sifuri. Kebo nilikuwa nimeshaihukumu kichwani, ikabidi niiombe radhi.

Nikaona pia idadi ya mara ambazo diski imewashwa tangu izaliwe: 3,187. Nikaiandika kwenye karatasi bila kuiwazia.

Saa saba mchana nikaifungua tena ile programu, nikaona 3,191.

Nikamuuliza dada nani amezima mashine. Hakuna. Binti? Hapana. Umeme? Haujakatika, redio ya jirani haijanyamaza tangu asubuhi. Kompyuta imewashwa mara moja tu leo, na diski iliyo ndani yake imezimika na kuwaka mara nne.

Mteja akaja na kitabu cha kurasa themanini, anataka kopi mbili. Dada akaiwasha ile mashine kubwa ya fotokopi, iliyo juu ya meza ileile ilipo sipiyu, zimetenganishwa na rimu moja ya karatasi. Meza ikaanza kutikisika kwa mwendo wake. Kurasa kumi. Kurasa ishirini. Kisha nikaisikia, ndani ya kasha: *tik*. Kimya kidogo. Halafu *wiiiii*, sauti ya diski inayoanza kuzunguka upya kutoka kwenye kusimama.

Dada hakugeuka. "Si nilikwambia inakohoa."

3,192.

Hadi tunafunga ilikuwa 3,196.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada, duka likiwa limefungwa, nimetoa umeme na kufungua ubavu wa kasha.

Vumbi kwanza. Lile jekundu la huku, limejaa kwenye feni kama unga wa ulezi. Nimelitoa nje kwa brashi ya rangi, nikalipuliza, nikarudi ndani na macho mekundu.

Pawa sapulai ya mashine hii ina plagi mbili tu za umeme za SATA, zile bapa za diski za kisasa. Moja iko kwenye SSD. Ya pili iko kwenye kisomea DVD, ambacho dada hajawahi kukiwekea kitu. Fundi aliyeleta diski ya zamani alikosa plagi, basi akachukua zile plagi nne-tundu za kizamani, akaweka adapta ya kuigeuza kuwa SATA, na adapta hiyo ndiyo inayoilisha D.

Nimeichomoa na kuiweka kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa plagi ya kizamani una matundu manne: nyaya mbili nyeusi katikati, mwekundu upande mmoja, wa manjano upande wa pili. Tundu la waya wa manjano limegeuka kahawia ukingoni, plastiki imevimba kidogo na kung'aa kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Kile kibomba cha shaba cha ndani kimelegea, ukikigusa kwa ncha ya bisibisi kinayumba. Nikainusa. Ile harufu ya umeme uliowahi kukasirika.

Waya wa manjano ni wa volti 12, na volti 12 ndizo zinazozungusha mota ya diski. Mguso ukiachia kwa punje ya sekunde, mota inakosa nguvu, diski inajizima na kujiwasha, na chochote ilichokuwa ikiandika kinabaki nusu. Fotokopi ikitikisa meza, mguso unaachia. Siku za kopi nyingi, koho nyingi. Mafaili yaliyokufa ni yale yaliyokuwa yakihifadhiwa wakati dada anatoa kopi, yaani mchana kutwa.

Nakala ninayo, kwa hiyo nilijiruhusu jaribio moja ambalo bila nakala nisingelithubutu. Nimeirudisha adapta, nikawasha, nikaugusa ule waya kwa kidole. *Tik. Wiiiii.*

Matengenezo yenyewe yamenichukua dakika kumi na hayajagharimu shilingi. Nimeing'oa plagi ya umeme kwenye kisomea DVD, nikaisogeza diski ngazi moja juu ili waya ufike bila kunyooka, nikaichomeka humo. Adapta nimeikata vipande viwili kwa mkasi, isije ikaokotwa na mtu akaona inafaa. Fotokopi tumeihamishia kwenye meza ya pili na binti, ikatuvunja mgongo sote wawili.

Nikawasha, nikaigongagonga meza kama mwalimu mkali. Kimya. Hesabu, pamoja na kuwasha-kuzima kwangu kote: 3,204.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi tatu, hakuna kioo cheusi. Jumatatu 3,205, Jumanne 3,206, leo 3,207. Moja kwa siku. Dada ameniuliza kwa nini nampigia simu kila asubuhi kuuliza namba badala ya kumjulia hali.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya folda. Nilitaka niende nazo polepole, kwa sababu dada alishasema "futa tu zote" na mimi nimeshajifunza wiki jana kuhusu kufanya haraka ili dada afurahi.

Zile found. Chkdsk inapokuta vipande vya faili ambavyo havina tena folda inayovidai, haivitupi. Inavikusanya kwenye folda hiyo kwa majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, kama kile chumba cha stendi ya mabasi kinachowekwa mabegi yaliyosahauliwa. Kisha inaificha folda na kuipa alama ya mfumo, ndiyo maana rangi yake imefifia. Zilikuwa saba, maana yake ni mara saba ukaguzi uliokota kitu. Mabegi ya wateja yamo humo. Nani anafuta bila kuangalia?

Vilikuwa vipande 212. Unalifungua faili kwa Notepad na kusoma herufi za mwanzo tu, zinazofuata ni takataka machoni. Likianza na `%PDF`, jibu liko wazi. Likianza na `ÿØÿ` ni picha ya JPEG. Likianza na `PK` ni zipu, na faili la docx nalo kwa ndani ni zipu. Herufi hizo ni za Phil Katz, aliyeubuni muundo huo. Ukishajua ni nini, unalibadilisha jina na kulifungua.

Pasipoti saizi thelathini na kitu, watu wamekaza macho kwenye kitambaa cha bluu. Risiti. Vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Kwenye found.006, FILE0012.CHK, `PK`. Nikalipa jina la ripoti.docx. Likafunguka: ukurasa wa jina, shukrani kwa wazazi, sura ya kwanza hadi ya nne na nusu ya ya tano. Sura ya tano inakatika katikati ya sentensi inayozungumzia visima vya Bahi.

Dada amempigia yule binti. Amekuja na bodaboda ndani ya dakika ishirini, na hiyo nusu iliyopungua anasema anaijua kichwani.

Baada ya hapo nikafuta. Mmiliki wa folda za found ni mfumo, si mtu, ndiyo maana zilikataa:

`takeown /f D:\found.000 /a /r /d y`
`icacls D:\found.000 /grant Administrators:F /t /c`
`rd /s /q D:\found.000`

Ya kwanza inahamisha umiliki kwenda kwa wasimamizi, ya pili inawapa ruhusa yote, ya tatu inafuta bila kuuliza na bila kupitia pipa la taka. Soma jina la folda mara mbili kabla ya kubonyeza kwenye hiyo ya tatu.

Windows ya zamani ilihitaji hizohizo, ila ina mitego, na hapa niliganda saa nzima.

Mtego wa kwanza: je, mashine haiwakii kutoka D bila sisi kujua? Diski iliyowahi kuwa ya mfumo inaweza kuwa ndiyo bado inashika faili la kuwashia. Nikafungua usimamizi wa diski nikaona sehemu yenye alama ya mfumo iko kwenye SSD. Salama.

Mtego wa pili ndio ulionitia baridi. Kwenye mzizi wa D kuna kitu kinachoitwa Documents and Settings, kinafanana na folda, ukikibofya kinakunyima ruhusa. Si folda. Ni njia ya mkato ya chini kabisa, iliyowekwa kwa ajili ya programu za zamani, na inaelekeza kwenye C:\Users. Ilipotengenezwa, C ilikuwa ni diski hiihii. Leo C ni SSD, na C:\Users ni dada mwenyewe, hai, na picha zake za harusi. Amri inayozama kwenye kila folda ndogo ikipitia mlango huo, inaishia sebuleni kwa mtu. Sikutaka kubahatisha ipi inafuata njia hizo na ipi haifuati. Unaziona kwa:

`dir /al D:\`

na unaiondoa moja moja kwa `rd` tupu, bila /s. Hiyo inang'oa mlango tu, chumba kilicho upande wa pili hakiguswi. Chini ya Users na ProgramData za zamani kuna nyingine nyingi za aina hiyo, nazo nimezing'oa vilevile. Ndipo nikaingia na takeown, folda moja moja kwa jina, kamwe si juu ya D nzima.

Na TrustedInstaller, kwa faida ya dada, ni huduma ya Windows inayoweka na kutoa vipande vya mfumo. Tangu Windows Vista ndiye mmiliki wa mafaili ya mfumo, ili hata msimamizi asiyafute kwa bahati mbaya. Maelezo yangu dada aliyafupisha: "Kumbe ni mlinzi wa nyumba iliyokwisha hamwa."

Ikabaki moja ya ajabu, ndani ya KAZI: folda ya PICHA PASIPOTI ambayo ukiifuta unaambiwa haipo, na huku unaitazama. Nilihangaika nayo kuliko Windows nzima. Kumbe jina lake lina nafasi tupu mwishoni, baada ya herufi I. NTFS inaikubali, lakini Windows ikitafuta jina huikata nafasi ya mwisho, kwa hiyo kila ukiibofya inaenda kumtafuta mtu mwingine. Nukta mwishoni huleta ugonjwa uleule. Nikaingia ndani ya KAZI kwa dirisha la amri, `dir /x` ikanionyesha jina lake fupi la kizamani, nikalitumia hilo:

`ren PICHAP~1 PASIPOTI`

Ikafunguka. Kama ningetaka kuifuta tu, `rd /s /q "\\?\D:\KAZI\PICHA PASIPOTI "` ingefanya kazi, kwa sababu zile alama za mbele zinaiambia Windows ichukue jina kama lilivyo, nafasi na yote.

Nafasi tupu kwenye D sasa: GB 121.

Jumanne, 22 Julai

Dada ameona folda mbili zimebaki na anataka ziondoke: System Volume Information na $RECYCLE.BIN. Nimekataa. Ya kwanza inatunza nakala za kurejesha mfumo, ya pili ni pipa la taka lenyewe. Ukiifuta inajitengeneza tena. Nimezificha. Kisichoonekana hakimsumbui.

Nimeendesha pia `cipher /w:D:\` usiku kucha. Inaandika juu ya nafasi yote tupu, na zile sehemu 16 zilizokuwa zikisubiri zikapata nafasi ya kuandikwa upya. C5 sasa ni sifuri, na 05 imebaki sifuri, yaani sahani ya diski haikuwa na kovu. Ni maandishi yaliyokatizwa tu.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya kumi na tisa tangu adapta itoke. Ukaguzi wa asubuhi: hakuna hata mmoja.

Alhamisi ya tarehe 24 umeme ulikatika saa nane mchana, mashine ikazimika na kazi ikiwa wazi. Nilingoja kesho yake kama anayengoja matokeo ya mtihani. Ikawaka kawaida, alama safi. Kwa hiyo lawama zote tulizouporomoshea umeme mwaka mzima, angalau kwa hili, hazikuwa zake. UPS, ile betri ya akiba, bado naitaka, lakini ya kulinda kazi ambayo haijahifadhiwa.

Yaliyobaki: nakala ya KAZI kila Jumamosi kwenye diski ya nje, ambayo dada amekubali kuinunua baada ya kuona machozi ya mwanafunzi. Na msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 unaisha tarehe 14 Oktoba 2025, wakati prosesa ya mashine hii haimo kwenye orodha ya Windows 11. Hiyo ni shajara nyingine.

Lebo za mvinyo za mzee wa Hombolo zimetoka leo, mia tatu. Alipoingia alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatazama kioo kwanza kabla ya kumtazama dada.

Nimeacha kupiga simu za asubuhi. Dada amebandika karatasi ubavuni mwa sipiyu, na kila akifungua duka anaandika namba kwa peni nyekundu. Mbele ya 3,215 ameandika "umeme". Ya leo ni 3,222.